Norbert Mkono-wa-Grisi na Matuta Matatu ya Mtaa wa Pulaski

Sogeeni, enyi mnaojua uzito wa spana, nanyi mliowahi kukalishwa gereji mchana kutwa mkiambiwa "bado kidogo tu". Zimeni simu zenu, tulizeni vikohozi vyenu, na mwenye kikombe akiweke chini. Hapa havisimuliwi vita vya wafalme, kwani wafalme wana watu wao wa kuwasifu. Hapa yasimuliwa yaliyotukia Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kusini mwa Detroit, katika Mtaa wa Pulaski, siku ambayo Norbert Wisniewski, mwana wa Stanley, Mkono-wa-Grisi, Mfungua-Nati-Zilizogoma, alitoka na nguvu za farasi mia saba na arobaini kwenda kununua donati.

Nawe, ewe roho ya mafuta ya injini, uliyeingia chini ya kucha zake ukakataa kutoka hata siku ya harusi ya binti yake, ulainishe ulimi wa msimulizi usikwame katikati ya jambo.

Miaka kumi na moja kabla ya siku hiyo, Norbert alileta nyumbani, juu ya lori la kukokota, Pontiac ya mwaka 1967 iliyokuwa imelala katika zizi la mkulima mmoja wa Monroe. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu hata aliyekaa kiti cha mbele aliziona nyasi, na ndani ya kiti cha nyuma uliishi ukoo mzima wa panya, mababu na wajukuu. Mkewe Lorraine alisimama mlangoni amevaa koti la kazi, akalitazama gari lile mbele na nyuma, akauliza jambo moja.

"Na langu litalala wapi?"

Kwani gereji yao ilikuwa ya gari moja. Hapo Norbert akauweka mkono juu ya boneti iliyooza, akainua kidevu, akanena hivi:

"Lorraine, mke wangu, nuru ya jiko langu! Naapa kwa kaburi la baba yangu, aliyefunga milango ya magari kiwandani miaka thelathini na miwili asifunge hata mmoja upande! Siku gari hili litakapofika kwenye duka la donati la Zielinski kwa nguvu zake lenyewe, lisikokotwe wala lisisukumwe, siku hiyo hiyo gereji ni yako, na hakuna atakayekutoa!"

"Lini?"

"Kiangazi kijacho."

Lorraine si mtu wa hotuba. Ni mpishi wa shule, amezoea kupakua sahani mia nne bila kusifiwa. Maneno yale aliyaweka akilini yote, hakupunguza hata moja.

Kiangazi kijacho kikaja kikapita, na cha pili pia. Mwaka wa tatu injini ya asili ikaunguruma, gia zikaingia, taa zikawaka, na gari likawa tayari kabisa kuondoka. Hapo ndipo shujaa alipoing'oa injini. Aliona kwamba farasi mia tatu na sitini ni wa watu waliokata tamaa ya maisha. Akaweka injini ya farasi mia tano, akaichoka, akaweka nyingine, na juu yake akapanda supachaja ya kuisukumia hewa, kubwa hata ikambidi aitoboe boneti ipate kutoa kichwa. Akakata chasisi akaichomelea upya. Akafunga breki za kusimamisha treni, klachi ya mashindano, na ekzosi mbili nene kama miguu ya meza ya padri. Mwisho akazifupisha springi hata mdomo wa mbele ukabaki vidole vinne kutoka ardhini, kwa sababu upepo, alisema, ni adui asiyelala.

Kila mara gari lilipokaribia kwisha, alikuta kitu cha kuboresha. Watu walidhani ni ufundi. Ukweli, ambao Norbert aliujua na hakuutamka hata akiwa peke yake, ni kwamba gari likiisha, gereji inakwenda; na gereji ile ilikuwa na hita ya umeme, redio, kiti cha kuzunguka, na mlango unaofungika kwa ndani.

Upande wa pili wa mlango huo, kila majira ya baridi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Lorraine alikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake dogo la kijivu kwa mwiko wa plastiki wa jikoni, maana kikwangulio chenyewe Norbert alikiazima kung'olea gasketi. Februari iliyopita aliteleza papo hapo akavunjika kifundo cha mkono. Norbert alimkimbiza hospitali kwa gari hilo hilo la kijivu, na njiani, ili kumfariji, akamsimulia habari za kemshafti mpya ya injini yake.

Sasa sikieni habari za koni. Wanaume wenye magari ya kale hukutana kila Jumamosi, saa moja hadi saa nne asubuhi, mbele ya duka la donati la Zielinski, hunywa kahawa katika vikombe vya karatasi na kusemana. Chester, kaka yake Lorraine, shemeji mtu wa maneno, alikuwa na Chevrolet ya bluu aliyoinunua ikiwa imekwisha kutengenezwa, aibu ambayo Norbert hakuacha kumkumbusha. Mwaka ule wa kwanza Chester aliweka koni ya barabarani, ya rangi ya machungwa, katika nafasi ya kwanza karibu na mlango, akaandika juu yake kwa kalamu nene: NORBERT. YUKO NJIANI. Misimu kumi na mmoja koni ikatolewa asubuhi na kurudishwa saa nne. Wageni walidhani ni ukumbusho wa marehemu, wakawa wanavua kofia.

Jumamosi iliyotangulia ile ya kisa chetu, Chester alimwambia:

"Shemeji, msimu ukiisha hii koni naitupa. Imepauka. Koni imezeeka, wewe bado unakaza nati."

Na msimu ulikuwa unakwisha kweli. Malori ya mji yalikwisha kujazwa chumvi ya kumwaga barabarani, na chumvi ikishamwagwa hakuna mwanamume wa Michigan anayetoa chuma cha kale nje hadi Aprili, maana inakila hadi mfupa. Kwa hiyo Norbert akajikuta katikati. Asipokwenda, koni itatupwa jalalani na jina lake juu yake; akienda, kiapo kitamdai gereji. Alitafakari siku sita, hamu ya kula ikampungua hata soseji za kabichi akaziacha nusu. Siku ya saba heshima ikashinda, tena akajipa moyo kwamba Lorraine, baada ya miaka yote hiyo, atakuwa amesahau.

Saa tatu na dakika kumi, mlango wa gereji ukainuka. Injini ikanguruma, madirisha ya Mtaa wa Pulaski yakatetemeka, mbwa wakaingia chini ya vitanda, na katika baraza ya nyumba ya pili Bi Odessa Tolliver, mwenye miaka themanini na mmoja, akainua kikombe chake juu kisimwagike.

"Norbert! Punguza hiyo kitu, meno yangu yanacheza!"

"Mama Tolliver, shahidi wa mtaa huu!" Norbert akanena kwa sauti kuu, kichwa nje ya dirisha. "Tazama vema, maana utawahadithia wajukuu!"

"Wajukuu wangu wako kazini. Miaka minane naisikia inanguruma humo ndani. Leo inatembea, au ni kelele tu kama kawaida?"

Ikatembea. Ikatoka kivulini, nyekundu, pana, ya kutisha, matairi ya nyuma mapana kuliko mito ya kulalia, na jua la Oktoba likateleza juu ya rangi iliyopigwa mara tisa. Norbert akakunja kulia, akashika njia ya ushindi, akaenda hatua arobaini kamili.

Hapo lilikuwa limelala Tuta.

Lami mpya nyeusi, mistari miwili myeupe mgongoni. Halina silaha, halina jina, halina haraka. Mdomo wa gari ukaligusa, ukatoa sauti ya kukwaruza iliyomwingia Norbert kwenye magego. Akakanyaga breki za kusimamisha treni. Akashuka, akalala kifudifudi barabarani na jaketi lake jema, akapima. Mdomo: vidole vinne. Tuta: vidole vitano, na mbele yake, kwa mbali, ndugu zake wawili.

"Haya si matuta yako?" Bi Odessa akaita kutoka barazani. "Si ndiwe uliyekuja kugonga hapa na karatasi?"

Ndiye. Mwezi wa Mei vijana wa mtaa wa juu walipita mbio wakatimua vumbi juu ya rangi ya gari lake iliyokuwa bado mbichi. Norbert, kwa ghadhabu tukufu, alizunguka nyumba kwa nyumba na ombi lililoanza kwa maneno "Mwendo kasi ni laana ya mtaa huu," na jina la kwanza lilikuwa lake, kwa wino wa bluu, limepigiwa mstari. Halmashauri ya mji, ambayo haikuwahi kujibu barua ya mtu, ikajibu hiyo. Septemba walikuja wakamwaga matuta matatu, ilhali Norbert yuko chini ya gari lake, redio juu, akizifupisha springi.

Mwisho wa pili wa mtaa haukupitika, umekatwa na uzio wa reli. Shujaa akaingia tena garini, akalitazama Tuta, akaanza kuitunga hotuba ya kurudi nyuma: kwamba adui ameshika ardhi ya juu, kwamba majemedari wote wakuu walijua siku ya kurejea. Mkono ulikuwa tayari juu ya gia ya kurudi nyuma na, tuseme kweli, mkono huo haukuwa na huzuni. Nyumbani kulikuwa na hita na kiti cha kuzunguka.

Ndipo akasikia gurudumu la toroli likilia. Lorraine alikuwa anakuja katikati ya barabara, amevaa koti lake la kazi siku isiyo ya kazi, na ndani ya toroli mlikuwa na mbao nne za msonobari, ndefu, bado zina vibandiko vya dukani. Norbert akazitambua. Alizinunua miaka saba iliyopita ili amtengenezee rafu za jikoni.

"Unakwenda wapi?" Lorraine akauliza.

"Mke wangu, kuna nyakati ambapo jemadari mwenye busara..."

"Norb. Toa mkono kwenye gia."

"Hizo ni mbao za rafu."

"Nazijua ni za nini. Miaka saba nazipangusa vumbi. Kaa sawa, nakupangia."

Akapanga mbili mbele ya Tuta na mbili nyuma yake, akasimama pembeni, akainua mkono ule uliowahi kuvunjika. Klachi ya mashindano ina hali mbili tu, kulala na kuruka, na gari likapanda mbao likirukaruka.

"Taratibu! Nimesema taratibu! Kushoto kidogo. Kushoto kwako, siyo kwangu! Haya, njoo, njoo, njoo... simama! Umevuka."

Hivyo likaanguka Tuta la kwanza. Nalo jeshi likasonga mbele: Lorraine na toroli lake kwanza, na nyuma yake farasi mia saba na arobaini, kwa mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza. Bi Odessa akapita kando yao na kigari chake cha kujikongojea, hatua kwa hatua, akawaacha nyuma.

"Naenda kwa Zielinski," akasema bila kugeuka. "Nikuwekee ya jemu au ya sukari?"

Kwenye Tuta la pili Chester akatokea na Chevrolet yake ya bluu, kwa upande wa mbele, akaegesha, akatoka na kikombe mkononi.

"Shemeji! Nimeambiwa kuna maandamano huku, kumbe ni wewe! Hayo mavitu yote uliyofunga humo, na anayekuongoza ni toroli?"

"Chester, badala ya kubwata shika mbao," Lorraine akasema.

Chester akashika. Akainama karibu na dada yake. "Sasa wewe unamsaidia wa nini? Si ungemwacha akwame, tukacheka hadi Krismasi? Maana huyu akifika..."

"Ndiyo," Lorraine akasema. "Akifika."

Chester akamtazama, kisha akaanza kucheka polepole, na Lorraine naye akacheka. Norbert hakusikia neno kwa kelele za ekzosi. Aliona tu kupitia kioo kwamba mkewe anacheka, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu Februari, na kifua chake kikajaa. Alidhani anashangilia gari.

Kwenye Tuta la tatu adui mpya akainuka kutoka ndani. Injini ile iliumbwa kukata upepo, siyo kufuata toroli, na mshale wa joto ukaanza kupanda kuelekea wekundu. Norbert akafanya wafanyavyo mafundi wote katika dhiki hiyo: akawasha hita ya ndani hadi mwisho ili ivute moto wa injini, akakaa humo akitokwa jasho la Julai katikati ya Oktoba. Saa yake ilisema saa nne kasoro dakika saba. Tuta likavukwa. Lorraine na Chester wakatia mbao ndani ya Chevrolet, ncha zikitokeza dirishani, wakatangulia ili kuziba mfereji wa maji mlangoni pa Zielinski.

Mbele ya Norbert ikabaki barabara kubwa, tupu, kiasi cha mita mia mbili. Akaweka gia ya kwanza, akaweka ya pili, akakanyaga.

Kwa sekunde nne aliruka. Kiti kilimpiga mgongoni, supachaja ikapiga ukelele, nyumba zikawa mstari mmoja, na ndani ya kifua chake miaka yote ile ya vumbi la chuma ikawa na maana. Alilia machozi. Tumemcheka tangu mwanzo, na tutamcheka tena, lakini sekunde hizo nne tumwachie, zilikuwa zake kwa haki. Kisha taa ya barabarani ikawa nyekundu.

Saa nne kasoro dakika mbili, Zielinski akiwa amekwisha kushika ufagio, Pontiac ya mwaka 1967 ikapita juu ya mbao za rafu na kuingia uwanjani kwa nguvu zake yenyewe, haikukokotwa wala haikusukumwa. Wanaume tisa waliobaki wakapiga makofi. Mmoja, mgeni, akavaa kofia yake. Chester akaiondoa koni kutoka nafasi ya kwanza kwa mikono miwili, kama mtu anayeshusha bendera, na Norbert akaegesha mahali palipomngoja misimu kumi na mmoja. Akashuka, shati limemganda mwilini, akainua mkono.

"Ndugu zangu wa chuma na petroli! Wako waliosema sitafika. Wako walioandika jina langu juu ya plastiki! Leo nawaambia, hakuna tuta..."

"Chester, nipe hiyo koni," Lorraine akasema kwa sauti ya chini.

"Ya nini?"

"We nipe. Halafu unirudishe nyumbani. Norb, mbao nimekuwekea upande wa abiria."

Norbert akampungia mkono bila kuacha hotuba. Ilidumu dakika ishirini, ikasikilizwa na Zielinski, kwa kuwa alikuwa anafagia hapo hapo, na Bi Odessa, kwa kuwa alikuwa bado hajamaliza donati.

Safari ya kurudi haina wimbo. Mtu mmoja akashuka, akapanga mbao nne, akapanda, akavuka, akashuka, akaziokota, akazipakia, kisha tena, kisha tena. Kwenye Tuta la mwisho Norbert alikaa dakika moja juu ya ukingo wa barabara, mgongo ukimuuma, akamkumbuka Lorraine na toroli na kifundo chake cha mkono. Alijisikia vibaya, lakini hakujua aanzie wapi. Akapanda gari, akakunja kuingia nyumbani.

Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Ndani, katikati kabisa, limenyooka vizuri, lilikuwa gari dogo la kijivu. Hita ilikuwa inawaka. Lorraine alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, miguu juu ya boksi la spana, anakunywa kahawa na kusikiliza redio. Kizingitini ilisimama koni ya rangi ya machungwa. Jina la kale lilikuwa limefutwa kwa mistari miwili, na chini yake, kwa kalamu anayoandikia makopo ya jikoni, palikuwa na maneno mapya: LORRAINE. AMEFIKA.

Juu ya nyasi, limekunjwa vizuri, palikuwa na turubai kubwa la bluu. Risiti ilikuwa bado imebanwa nalo. Norbert aliisoma, ilikuwa ya mwezi wa Machi.

Akafungua kinywa. Hotuba zote za ulimwengu zilikuwa zimeishia kwa Zielinski.

"Lorraine," akasema. "Chumvi italila gari langu."

"Mimi imenila miaka kumi na moja." Hakusema kwa hasira. Alizungusha kiti kidogo, kushoto, kulia, akionja. "Ulisema siku hiyo hiyo. Na hakuna atakayekutoa. Ni maneno yako, Norb."

Norbert akalichukua turubai kwa mikono yake ya grisi.

"Ukimaliza kufunika," Lorraine akasema, "leta hizo mbao ndani. Bado ni za rafu."

Basi na iandikwe, isomwe na watakaokuja, wenye magari na watembeao kwa miguu: kwamba Mtaa wa Pulaski uliona ushindi mmoja mkuu Jumamosi ile, na mwenye ushindi hakuhutubia. Usiku wa Jumapili theluji ya kwanza ilianguka, na malori ya chumvi yakapita alfajiri. Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo, mlango wa gereji ukainuka, gari la kijivu likatoka kinyumenyume, likapita kando ya mlima mweupe wenye turubai, na Lorraine akaenda kazini na kioo kikavu.